Mzazi na Mwalimu katika Nchi ya Kitale na Bungoma

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii hutajwa sana katika mikutano ya wazazi shuleni, na aghalabu hutajwa na mtu aliyesimama kuomba fedha. Lakini methali haikusema kwamba mkono mmoja ulee na wa pili ulipe. Ilisema kwamba mikono yote miwili ilee. Katika tofauti hiyo ndogo ya maneno imo historia ndefu, na mahali pazuri pa kuisoma ni nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, kutoka Bungoma mpaka Kitale.

Nchi hiyo ni jirani kwa jirani. Mtu akiondoka Bungoma asubuhi, akapita Kimilili na kuvuka vijito vishukavyo kutoka mlimani, atafika Kitale kabla jua halijasimama kichwani. Udongo ni mmoja, mvua ni moja, na mahindi ni yale yale. Hata hivyo, kwa muda wa miaka hamsini hivi, sheria ya kikoloni iliikata nchi hii vipande viwili. Bungoma ilihesabiwa katika ardhi ya Waafrika. Kitale na wilaya yote ya Trans Nzoia ilitengwa kwa walowezi wa Kizungu, ambao wengi wao walikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na reli ikawafuata katika mwaka wa 1926. Mtoto aliyezaliwa upande huu na mtoto aliyezaliwa upande ule walikuwa ndugu wa ukoo mmoja. Lakini njia zao za kwenda shuleni hazikuwa moja. Kwa hiyo, atakaye kujua jinsi nyumba na shule zilivyokutana, zilivyogombana, na zilivyopatana, ataona mambo mengi katika safari hii fupi.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba elimu ilikuwapo kabla ya shule. Miongoni mwa Wabukusu, mtoto alifundishwa na watu wengi kwa zamu. Mama alimfundisha adabu na kazi za nyumbani, bibi alimfundisha hadithi na vitendawili, na baba na wajomba walimfundisha ng'ombe, mipaka ya mashamba, na majina ya ukoo. Tohara, ambayo hufanywa kila mwaka wa pili, ilikuwa kama mtihani mkuu. Kijana aliyetahiriwa aliingizwa katika mojawapo ya marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Marika hayo hufuatana, na mzunguko mzima hukaribia karne moja, kisha majina hurudi tena. Hivyo kwamba kijana akisema jina la rika lake, wazee wajua amezaliwa zamani zipi na amefunzwa na nani. Baada ya kifo cha mzee mwenye heshima aliitwa msemaji maalumu, ambaye kazi yake huitwa khuswala kumuse. Naye alisimama mbele ya watu akawasimulia historia ya kabila, na kuwaonya walio hai. Huyo alikuwa mwalimu wa umma, na darasa lake lilikuwa uwanja mzima.

Katika elimu ya namna hiyo neno ushirikiano halikuhitajiwa. Nyumba ndiyo iliyokuwa shule, na mzazi ndiye aliyekuwa mwalimu. Haja ya ushirikiano huzaliwa siku mtoto anapokabidhiwa kwa mgeni.

Mgeni huyo alikuja kwa njia ambayo tayari ilikuwa na damu. Katika mwaka wa 1895 jeshi la Waingereza pamoja na wasaidizi wao lilizishambulia ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe, na watu wengi walikufa. Miaka saba tu baadaye, katika 1902, wamisionari watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walifika Kaimosi, kusini ya nchi hii. Walikuwa wafuasi wa madhehebu ya Marafiki, waitwao pia Makweka, watu wasiopenda vita. Kabla Vita Kuu ya Kwanza haijaisha kazi yao ilikuwa imefika Lugulu, katikati ya Wabukusu. Wakatoliki wa Mill Hill, waliokuwa wamejenga Mumias tangu 1904, nao baadaye walijenga Kibabii na Misikhu. Wamisionari hawakubeba bunduki za Chetambe. Lakini mzee aliyepoteza ndugu katika ngome ile angewezaje kutofautisha upesi mgeni mwenye kitabu na mgeni mwenye bunduki, hali wote wawili wametoka upande mmoja na rangi yao ni moja?

Basi haishangazi kwamba nyumba nyingi zilisitasita. Mahali pengi katika Kenya ya wakati ule wazee walioamriwa kutoa watoto kwa shule walimtoa yatima, au mtoto wa mke asiyependwa, wakamficha yule waliyemtegemea kwa ng'ombe na urithi. Waliosoma waliitwa basomi, na jina hilo mwanzoni halikuwa la sifa tupu. Msomi alivaa nguo ngeni, aliomba kwa namna ngeni, na mara nyingi alihama nyumbani akakaa karibu na misheni pamoja na wenziwe. Misheni iliona kwamba imemwokoa. Nyumba iliona kwamba imeporwa. Kila upande ulikuwa na sababu yake, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe.

Lakini watu wa nchi hii si watu wa kulala. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha walikuwa wameona kwa macho yao kwamba mwenye kujua kuandika ndiye anayehesabu kodi, ndiye anayepokea mshahara wa karani, na ndiye asiyeweza kudanganywa kwa karatasi. Desemba 1921 watu wa Nyanza walikutana Lundha, wakaanzisha Chama cha Vijana wa Kavirondo. Na miongoni mwa madai waliyoyatoa kwa serikali yalikuwamo madai ya shule. Tazama jinsi upepo ulivyogeuka! Miaka kumi na mitano nyuma shule ilikuwa ikimtafuta mtoto. Sasa mzazi ndiye aliyekuwa akiitafuta shule.

Katika mwaka wa 1924 ulikuja ujumbe wa Phelps-Stokes kutoka Marekani kuichungua elimu ya Afrika Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo mwalimu mashuhuri James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Mwaka uliofuata ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, shule iliyoitwa Jeanes. Jina hilo lilitokana na Anna T. Jeanes, mama Mkweka wa Philadelphia aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za vijijini za Waamerika weusi. Mwalimu wa kwanza wa mpango huo huko Marekani alikuwa Virginia Randolph wa jimbo la Virginia, aliyeanza kazi hiyo katika 1908, naye alisifiwa kwa kuwa alitembelea nyumba pamoja na madarasa.

Mpango wa Kabete ulikuwa na wazo lililostahili heshima. Mwalimu hakwenda kusoma peke yake, bali alikwenda na mkewe na watoto wake, wakapewa nyumba na bustani, na mke akafundishwa pia. Walipomaliza walirudi mikoani kwao, na kazi ya mwalimu ilikuwa kuzizungukia shule ndogo za vijijini, kuwasaidia walimu wenziwe, na kuingia katika nyumba za wazazi. Kwa mara ya kwanza shule iliagizwa kupiga hodi.

Hata hivyo wazo hilo lilikuwa na ufa. Mwalimu wa Jeanes aliingia nyumbani ili afundishe: choo kichimbwe hivi, bustani ilimwe hivi, mtoto aoshwe hivi. Mengi katika hayo yalikuwa mema na yaliokoa maisha. Lakini mzazi alipotaka kufundisha naye, hakupewa nafasi. Wazazi wengi walitaka watoto wao wafundishwe Kiingereza na hesabu mapema, wapate kusimama mbele ya wakubwa bila mkalimani. Wakubwa wa elimu wakasema kwamba elimu ifaayo kwa Mwafrika ni ile ya shamba na useremala. Mtu akipiga hodi, akaingia, akasema mpaka kikombe chake kikakauka, kisha akaondoka asisikie neno la mwenyeji, hatuwezi kusema kwamba amekuja kuzungumza.

Kwa sababu hiyo wenyeji walitafuta mahali pao wenyewe pa kusemea. Halmashauri za wenyeji zilizoanzishwa na serikali tangu 1924 zilipewa ruhusa ya kutoza kodi ndogo kwa maendeleo ya wilaya, na katika Kavirondo ya Kaskazini fedha za elimu zilikuwa jambo kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 shule ya serikali ilifunguliwa Kakamega, ambayo haikuwa ya madhehebu yoyote, na wananchi walikuwa wameichangia. Katika miaka hiyo hiyo, kule Kimilili, Pascal Nabwana na wenziwe waliunda chama cha elimu cha Kitosh. Kitosh ndilo jina walilopewa Wabukusu na watu wengine wakati ule, nao wenyewe hawakulipenda. Nabwana alikuwa mtu wa misheni ya Kikatoliki aliyetofautiana na wakubwa wake. Lakini hakutofautiana na elimu. Chama chake kilisema jambo ambalo leo laonekana jepesi, na siku hizo lilikuwa zito: kwamba wazazi waweza kuitaka shule, na kuichangia shule, na kuisemea shule, bila kuomba ruhusa ya dhehebu lolote. Baadaye yeye na wenziwe waliunda Umoja wa Wabukusu, na haja ya elimu ikaendelea kuwa katika midomo yao.

Sasa tuvuke mpaka twende Kitale, tukaone mambo yalivyokuwa kwa ndugu zao waliokaa katika mashamba ya walowezi.

Watu wengi wa Bungoma, pamoja na Wasabaot, Wapokot, Waturkana na wengineo, walifanya kazi katika mashamba ya Trans Nzoia. Wengine walikuwa maskwota, yaani watu walioruhusiwa kukaa na kulima kisehemu kidogo kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba. Sheria ya 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na sheria ya 1937 iliruhusu siku hizo ziongezwe. Mkataba wa namna hiyo ulimgusa mtoto pia. Mikono midogo ilitakiwa wakati wa kupalilia na wakati wa kuvuna, na mlio wa kengele ya shamba ulikuwa na nguvu kuliko mlio wa kengele ya shule.

Katika mji wa Kitale wenyewe shule ziligawanywa kwa rangi. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule yao ya bweni, Wahindi walikuwa na yao, na Waafrika walipata kilichobaki. Huko mashambani shule ilikuwapo mwenye shamba akikubali. Wazazi walisimamisha kibanda cha nguzo na nyasi, wakamtafuta kijana aliyesoma kidogo kuwazidi, wakamlipa kwa fedha na kwa nafaka. Shamba likiuzwa, au mwenye shamba akibadili nia, shule hiyo ilikufa siku moja. Kwa hiyo familia nyingi ziligawanyika: baba na mama walibaki Kitale kwa kazi, na watoto wakapelekwa Bungoma kwa bibi, wapate kusoma. Mzazi alilipa karo ya shule ambayo hakuwahi kuiona, na mwalimu alimfundisha mtoto ambaye hakuwahi kumwona babaye. Bibi, aliyekuwa hajui kusoma, ndiye aliyekuwa daraja kati yao. Historia haikuandika majina ya mabibi hao, lakini shule nyingi za Bungoma zilisimama juu ya mabega yao.

Baada ya hayo ukaja wakati wa ghadhabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana walichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi, na wakulima waliamriwa mambo mengi kuhusu mashamba yao bila kuulizwa. Katika mwaka wa 1944 Elijah Masinde wa Kimilili alisimama akakataa. Huyu alikuwa mwanasoka hodari aliyesoma katika shule za Marafiki, kisha akatengwa na kanisa kwa sababu ya kuoa mke wa pili. Alifungwa, kisha akawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathare. Na dini aliyoiongoza, Dini ya Musambwa, ikaenea pande zote mbili za mpaka, katika vijiji vya Bungoma na katika mashamba ya Trans Nzoia. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake wakaua watu 11. Dini hiyo ikapigwa marufuku. Katika miaka hiyo makanisa na shule kadhaa zilichomwa moto, na serikali iliwalaumu wafuasi wa Masinde.

Mwanafunzi wa historia asipite hapa haraka. Kwa nini mtu achome shule? Tusimtetee mwenye kuchoma, kwani moto haufundishi kusoma. Lakini tukumbuke yale ambayo mtu yule aliyaona. Aliona kwamba mwalimu, chifu, mhubiri na bwana shamba walikaa upande mmoja wa meza. Aliona kwamba mwanawe akiisha kusoma humwonea babaye haya. Aliona kwamba kanisa lililomfukuza kwa ajili ya mke wa pili ndilo lililoshika funguo za darasa. Naye hakuwa na kiti katika kamati yoyote ambapo angeweza kuyasema hayo. Mtu asiyeruhusiwa kusema ndani ya nyumba hupiga kelele nje yake. Na kelele zisiposikiwa, huokota jiwe.

Katika miaka hiyo hiyo Leonard Beecher wa Kanisa la Kiingereza aliongoza kamati iliyochunguza elimu ya Waafrika, nayo ikatoa taarifa yake katika 1949. Taarifa iligawa masomo katika vipande vya miaka minne minne. Watoto wengi wangesoma miaka minne ya kwanza, kisha mtihani ungewachuja, na wachache tu wangeendelea. Wazazi waliichukia hesabu hiyo. Mtoto aliyeanza shule na miaka saba alifukuzwa na mtihani kabla hajawa na nguvu za kushika jembe la mtu mzima. Tena shule na misheni zilizidi kubanwa na usimamizi wa juu, na sauti ya mzazi ikazidi kuwa mbali.

Hata hivyo jambo jema lilikuwa likikua chini kwa chini. Walimu wenyewe sasa walikuwa watoto wa nchi hii. Mwaka 1954 alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town kijana mmoja wa Kimilili, Masinde Muliro, aliyezaliwa katika 1922. Akafundisha ualimu katika Chuo cha Siriba, na Machi 1957 akachaguliwa kuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza waliopigiwa kura kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka mmoja kabla ya hapo Bungoma ilikuwa imefanywa makao makuu ya wilaya mpya ya Elgon Nyanza, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Marafiki walifungua shule ya sekondari ya Kamusinga. Mwalimu hakuwa tena mgeni wa kutoka mbali. Alikuwa mtoto wa jirani, aliyetahiriwa pamoja na wanao, aliyejua njia ya kufika kwako bila kuelekezwa.

Tarehe 1 Juni 1963 Jomo Kenyatta, alipokuwa Waziri Mkuu, aliifanya Harambee kuwa neno la taifa. Katika nchi hii neno hilo halikuwa geni kwa maana yake. Watu waliozoea kujenga vibanda vya nyasi kwa ajili ya watoto wao sasa walichoma matofali. Mpaka wa rangi ukaanguka. Mpango wa makazi ulioanzishwa katika 1962 uliwapa Waafrika mashamba ya walowezi kwa mkopo, na familia nyingi zikahamia Ndalu, Tongaren, Naitiri na kwingineko. Mahali pengine ghala la mlowezi lililokuwa likitunza mahindi likageuzwa darasa, na mtoto wa skwota akakaa chini ya paa ambalo babaye alikatazwa kulikaribia. Siku ya mchango mwenye ng'ombe alileta ng'ombe, mwenye kuku alileta kuku, na mjane alileta debe la mahindi. Vyote vikanadiwa uwanjani kwa vicheko na vigelegele. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 shule za sekondari zisizosaidiwa na serikali katika Kenya zilizidi kwa idadi zile za serikali.

Hapo ndipo mkono ulipotenda kazi kubwa kuliko zote. Na hapo pia ndipo hatari mpya ilipozaliwa. Kwa kuwa mzazi alijulikana kwa mchango, alianza kuitwa kwa mchango tu. Kamati ilikutana kuhesabu mabati. Ni mara chache ilikutana kuuliza kwa nini wasichana wameacha shule. Ripoti ya mtoto iliandikwa kwa Kiingereza, nayo ilikwenda kwa baba asiyejua lugha hiyo. Ni baba wangapi waliosomewa ripoti na mtoto yule yule aliyelaumiwa ndani yake? Twaweza kukisia kwamba tafsiri nyingi zilikuwa za huruma kuliko za kweli.

Tena tusiseme kwamba nyumba ilikuwa na haki siku zote. Nyumba ilikosa pia, na ilikosa sana juu ya binti. Baba aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya karo ya mwana wa kiume alimwoza binti yake ili ng'ombe warudi zizini. Shule za wasichana kama Lugulu zilipigana na fikira hiyo kwa miaka mingi, na mwalimu aliyekwenda nyumbani kumwombea msichana abaki darasani alifanya kazi ambayo hakuna fungu la fedha lingeweza kuifanya. Maana ya ushirikiano si kwamba shule ikubali kila neno la nyumba. Maana yake ni kwamba kila mmoja aweza kumwambia mwenziwe, Hapa umekosea, na siku ya pili wakakutana tena.

Mambo mawili ya baadaye yathibitisha hayo. Desemba 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba karo ingeondolewa katika madarasa manne ya kwanza. Januari 1974 watoto wa darasa la kwanza katika Kenya nzima waliruka kutoka kiasi cha 380,000 hadi karibu 960,000. Shule hazikuwa na vyumba wala walimu wa kutosha. Basi kamati zikatoza michango ya majengo, na mahali pengi michango hiyo ikazidi karo iliyoondolewa. Watoto wa maskini wakarudi nyumbani. Mara ya pili ilikuwa Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipoondoa karo katika shule zote za msingi. Wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 hivi. Lilikuwa tendo la haki kubwa, na watu wengi wenye elimu leo wasingeipata bila hilo. Lakini walimu wengi waliona jambo la ajabu: wazazi waliacha kuja shuleni. Walisema kwamba shule sasa ni ya serikali, basi serikali na iilee.

Je, wazazi hao walikuwa wavivu? Nadhani si hivyo. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka arobaini kwamba wajibu wao ni kulipa. Na kulipa kulipokwisha, walifikiri kwamba wajibu umekwisha. Tunavuna tulichopanda.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilijaribu kuurudishia mzazi kiti chake. Iliagiza kwamba kila shule ya umma iwe na chama cha wazazi, na kwamba katika bodi ya usimamizi wazazi wachague wajumbe sita. Mtaala mpya ulioanza kuenezwa nchini katika 2019 nao ulimtaka mzazi ashiriki katika kazi za mtoto nyumbani. Na wazazi wengi wakanung'unika kwamba wamegeuzwa wanafunzi. Manung'uniko hayo nayo ni mazungumzo, na ni bora kuliko kimya. Lakini sheria hutengeneza kiti tu. Haiwezi kumfanya aliyekaliwa na woga aseme.

Hata hivyo uko mfano mmoja katika nchi hii wa mapatano ambayo hayakutokana na sheria. Ni tohara ile ile tuliyoanza nayo. Zamani misheni nyingi zilitazama sherehe hizo kwa jicho baya, na wazee waliitazama kalenda ya shule kama kitu cha kuwaibia wana. Kila mmoja angeweza kumshinda mwenziwe, na mtoto angepasuliwa katikati. Lakini sherehe zilifanywa Agosti, mavuno yakiwa karibu, na Agosti ikawa pia mwezi wa likizo. Wanafunzi waliopata majeraha walitibiwa, wakarudi darasani. Na sherehe ya kutoka jandoni ikangoja Desemba, shule zikifungwa tena. Mzee hakuacha mila yake, wala mwalimu hakuacha masomo yake. Kila mmoja alimwachia mwenziwe siku zake. Hakuna taarifa ya kamati iliyoandika mapatano hayo, nayo yamedumu kuliko taarifa nyingi.

Basi, kijana msomaji, usifikiri kwamba habari hii ni ya wazazi na walimu peke yao. Katika historia yote tuliyoisoma, aliyepita kati ya nyumba na shule kila siku, asubuhi na jioni, alikuwa mtoto. Yeye ndiye aliyebeba barua. Yeye ndiye aliyemwambia mwalimu kwamba baba hayupo, hali yupo. Na ndiye aliyemwambia baba kwamba mwalimu anataka fedha tu, hali mwalimu alitaka kumwona. Ukitaka kuanza kuutengeneza ushirikiano, usingoje uwe mjumbe wa bodi. Siku mwalimu atakapokupa barua, ifikishe. Na mzazi wako akiwa hajui lugha yake, msomee neno kwa neno, hata pale ambapo neno hilo ni lawama yako.